Shahada ya mtandaoni na viwango vya taifa: saa inayohesabiwa ni ya nani?

Swali la msomaji: "Mimi ni mratibu wa programu katika chuo kikuu. Tumebuni shahada ya kwanza itakayofundishwa yote mtandaoni. Mwanafunzi anaanza mwezi wowote, anakwenda kwa kasi yake, na kila baada ya moduli chache anapata cheti kidogo kinachohesabika kwenye shahada. Kamati ya seneti imeturudishia andiko mara mbili ikisema viwango vya kitaifa vya sifa haviruhusu. Baadhi ya wenzangu wanataka tuachane na mfumo wa taifa, tutoe vyeti vyetu wenyewe. Je, ni kweli viwango hivi vinaua ubunifu katika elimu ya juu ya mtandaoni? Na kama ni kweli, tufanyeje?"

Mratibu, pole kwa kurudishiwa andiko mara mbili. Najua kazi inayoingia humo, kwa sababu nimekaa pande zote mbili za meza hiyo: nimeandika programu zikarudishwa, na nimeketi kwenye kamati nikarudisha za wenzangu. Kwa kifupi, kiwango cha taifa cha sifa, yaani kanuni za nchi zinazosema shahada au cheti kiwe na uzito gani ili kitambulike, kinaweza kuubana ubunifu na kinaweza kuubeba. Inategemea kinapima nini. Kikipima namna ya kufundisha, kila namna mpya itaonekana kuwa kosa. Kikipima kile ambacho mhitimu anakiweza, nafasi inabaki kwa yeyote atakayegundua njia bora ya kumfikisha hapo. Kwa hiyo kabla hamjaamua kufuata au kuacha, jueni kwanza kiwango chenu kinapima kipi kati ya hivyo viwili.

Na hili nakuomba ulifanye mwenyewe. Chukua waraka wa mfumo wa taifa uusome neno kwa neno, usiridhike na fomu ya chuo inayodai kuufupisha. Makatazo mengi niliyopambana nayo katika kazi hii hayakuwamo kwenye kiwango. Yaliongezwa njiani, mengine na kamati, mengine na mtu aliyetengeneza fomu miaka mingi iliyopita akiwa na darasa la kawaida akilini.

Anza na fasili ya krediti, yaani kipimo cha ukubwa wa masomo. Afrika Kusini, New Zealand na Uskoti, krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Katika mfumo wa Ulaya wa ECTS krediti moja ni saa 25 hadi 30, na mwaka mzima wa masomo ya kutwa ni krediti 60. Malaysia wanahesabu saa 40. Tarakimu zinatofautiana, lakini kote huko zinazohesabiwa ni saa za mwanafunzi: za kusoma, kufanya mazoezi, kujadiliana na wenzake, kuandika kazi, kujiandaa kwa mtihani na kuufanya. Tena ni makadirio ya muda ambao mwanafunzi wa kawaida angeuhitaji ili afikie matokeo yaliyoandikwa. Hakuna anayekaa na saa mkononi kumsubiri azimalize. Aliyefikia matokeo kwa saa 60 badala ya 100 hajamwibia mtu krediti.

Ukiisoma fasili ya namna hiyo, utaona kwamba haimtaji mhadhiri wala ukumbi. Ndiyo maana nasema tuulize saa inayohesabiwa ni ya nani. Fomu moja niliyowahi kupewa ilikuwa na safu ya saa za mihadhara kwa wiki na nyingine ya idadi ya viti. Programu yetu ilikuwa ya mtandaoni mwanzo hadi mwisho. Tulijaza sifuri kwenye safu zote mbili, andiko likarudi na maelezo kwamba programu haina muda wa kufundishia. Tulipoteza karibu mwaka mzima kwa ajili ya safu mbili ambazo kiwango cha taifa hakikuwahi kuzidai. Bado linaniuma, kwa sababu wanafunzi tuliowakusudia walikuwa watu wazima wenye kazi na familia, na mwaka mmoja kwao si kitu kidogo.

Mazoea ya kuhesabu saa za darasani yana historia yake, na historia hiyo haikutokana na utafiti wa jinsi watu wanavyojifunza. Mwaka 1905 tajiri Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 za kuwalipa pensheni walimu wa vyuo vikuu vya Marekani. Wasimamizi wa mfuko huo walihitaji njia ya kupambanua chuo kinachostahili na kisichostahili. Wakaweka masharti, mojawapo likiwa kwamba chuo kidahili wanafunzi waliokamilisha idadi maalumu ya vipimo vya masomo ya sekondari, kila kipimo kikiwa saa 120 za somo moja kwa mwaka. Vyuo vilivyotaka pensheni kwa walimu wao vikakubali, na desturi ya kuhesabu elimu kwa saa ikapanda hadi chuo kikuu. Kilichoanza kama utaratibu wa mfuko wa wazee kikageuka kipimo cha elimu, na zaidi ya karne moja baadaye bado kinatutawala.

Marekani haina mfumo mmoja wa kitaifa wa sifa kama wa nchi nyingi nilizozitaja, lakini masharti ya fedha za serikali kwa wanafunzi yamefanya kazi ileile ya kuweka mipaka, na yana funzo kubwa kwa jambo lako. Mwaka 1992 sheria iliamua kwamba chuo ambacho zaidi ya nusu ya kozi zake ni za masomo kwa njia ya posta, au ambacho nusu ya wanafunzi wake au zaidi wanasoma kwa njia hiyo, hakistahili fedha hizo. Nia ilikuwa njema. Kulikuwa na shule za posta zilizokusanya fedha za umma bila kumfundisha mtu chochote cha maana. Lakini mtunga sheria alitaka kuzuia udanganyifu akaishia kuzuia njia ya kufundishia. Miaka michache baadaye intaneti ikaja, na masomo ya mtandaoni yakajikuta yamewekwa kapu moja na yale ya posta. Mwaka 1998 vyuo vichache viliruhusiwa kujaribu bila sharti hilo, na likaondolewa kwa masomo ya mtandaoni mwaka 2006. Miaka 14 ilipita, yaani miaka ileile ambayo teknolojia ilikuwa inakua kwa kasi.

Mfano mwingine ni wa Western Governors University, chuo kilichoanzishwa mwaka 1997 na magavana wa majimbo ya magharibi. Kimejengwa juu ya umahiri: mwanafunzi anasonga mbele anapothibitisha kwamba ameweza, hata kama imemchukua wiki tatu. Kazi ya mhadhiri wameigawa. Mmoja anamlea mwanafunzi na kumfuatilia, mwingine ni bingwa wa somo, mwingine anasahihisha bila kumjua aliyeandika. Ubunifu huo ndio uliowatia matatani. Mwaka 2017 wakaguzi wa Wizara ya Elimu walisema kozi nyingi hazikuwa na mawasiliano ya mara kwa mara na ya maana kati ya mwanafunzi na mwalimu kama sheria inavyodai, wakapendekeza chuo kirudishe zaidi ya dola milioni 700. Wizara ilikataa pendekezo hilo mwaka 2019, na kanuni zikaandikwa upya. Lakini fikiria, Mratibu, ni vyuo vingapi vidogo vilivyokuwa na wazo kama hilo vilivyoliweka kando viliposikia habari hiyo. Katazo hupiga mara moja, na woga unaobaki nyuma yake huzuia mengi zaidi ya lile lililokatazwa.

Sasa ugeuke upande wa pili, ambao wenzako wanaotaka kujitoa wanausahau. Elimu ya masafa ilizaliwa kutokana na kiwango. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake ya shahada kwa mtu ambaye hakuwa amesoma katika vyuo vyake. Mtahiniwa angeweza kujifunza popote na kwa namna yoyote. Kilichotakiwa ni afaulu mtihani uleule. Kwa kushikilia kipimo cha mwisho, London ilijiondolea sababu ya kusimamia njia. Open University ya Uingereza, chuo kikuu cha elimu ya masafa kilichopata hati yake mwaka 1969 na kuanza kufundisha Januari 1971, kiliendeleza mantiki hiyo hadi mahali ambapo wengi waliona haiwezekani. Kiliondoa kabisa masharti ya sifa za kujiunga, kikafundisha kwa posta, redio na televisheni, huku kikiita watahini kutoka vyuo vingine wathibitishe kwamba shahada zake zinalingana na za vyuo vingine. Mlango wa kuingilia waliufungua wazi kwa sababu wa kutokea walikuwa wameulinda. Shahada ile ingekosa kipimo cha nje, nani angemwajiri mhitimu aliyeingia bila cheti hata kimoja?

Hapo usinielewe kwamba kila kiwango kinachotumia neno "matokeo" ni rafiki wa ubunifu. Matokeo nayo yanaweza kukatwakatwa hadi yakose uhai. New Zealand mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Afrika Kusini baada ya sheria yake ya mwaka 1995, zilijaribu kuvunja sifa zote kuwa viwango vidogovidogo, kila kimoja na matokeo yake na vigezo vyake. Wazo lilivutia: ukishaandika kila kitu wazi, yeyote anaweza kufundisha kwa njia yoyote na mwanafunzi akakusanya vipande vyake popote. Vyuo vikuu vya New Zealand vilikataa shahada zao zikatwe namna hiyo. Afrika Kusini iliandikisha maelfu ya viwango, na vingi havikuwahi kutumika kumpa mtu yeyote cheti, ikabidi mfumo upangwe upya kwa sheria ya mwaka 2008. Kadiri matokeo yalivyoandikwa kwa undani ili pasiwe na utata, ndivyo mwalimu alivyogeuka mtu wa kutia alama ya vema kwenye orodha. Mtandaoni hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa mfumo wa kompyuta unapenda orodha. Ni rahisi kugeuza kila tokeo kuwa video ya dakika tano na maswali manne ya kuchagua, ukahesabu kuwa umefundisha. Nimeziona programu za namna hiyo zikipitishwa bila swali kwa sababu kila kisanduku kilikuwa kimejazwa.

Kwa hiyo mimi naona kiwango kizuri kwa elimu ya mtandaoni ni kile kinachoeleza ngazi kwa upana, kikadai ushahidi mzito wa tathmini, na katikati kikanyamaza. Maelezo ya ngazi katika mifumo mingi ndivyo yalivyo: yanasema mhitimu wa ngazi fulani anaweza kushughulikia tatizo la ugumu gani, kwa kujitegemea kiasi gani, kwa maarifa ya upana gani. (Namba ya ngazi yenyewe isikutie wasiwasi. Shahada ya kwanza ni ngazi ya 6 katika mfumo wa Ulaya, ya 7 nchini Australia, na ya 9 au 10 huko Uskoti yenye ngazi 12.) Ukweli ni kwamba maelezo hayo yamewasaidia wabunifu wengi, maana yanawapa lugha ya kusema jambo lao jipya lina uzito gani.

Je, mkitoa vyeti vyenu nje ya mfumo? Hilo limejaribiwa kwa ukubwa ambao chuo chenu hakiwezi kuufikia. Mwaka 2011 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walifungua kozi ya akili mnemba mtandaoni bure, wakajiandikisha watu wapatao 160,000. Walioimaliza hawakufika robo, na walichopata kilikuwa taarifa ya kumaliza isiyo na krediti ya chuo. Mwaka uliofuata yakaanzishwa majukwaa ya kozi za mtandaoni ya Coursera na edX, na wengi walitabiri kwamba vyuo vikuu vya kawaida vimefika mwisho. Havikufika. Kozi zilikuwa nzuri, nyingine bora kuliko zinazofundishwa ukumbini, lakini mwajiri alipokiangalia cheti hakujua kina uzito gani, na chuo kingine hakikujua kikihesabie nini. Taratibu waliokuwa nje wakarudi kubisha hodi. Mwaka 2016 MIT, chuo kikuu kingine cha Marekani, ilianza utaratibu ambao mtu anasoma kozi kadhaa za ugavi mtandaoni, akifaulu anapata cheti, na anaweza kuomba nafasi ya kukamilisha shahada ya uzamili kwa kukaa chuoni muhula mmoja tu. Cheti kile kilipata thamani kwa kuunganishwa na shahada inayotambulika.

Wasimamizi wa mifumo nao walijifunza. New Zealand ilivipa vyeti vidogo nafasi ndani ya mfumo wake mwaka 2018, vikiwa vya krediti 5 hadi 40, kwa sharti la kuonyesha kwamba kuna wanaovihitaji na kwamba havirudii kilichopo. Baraza la Umoja wa Ulaya lilitoa pendekezo lake kuhusu vyeti hivyo Juni 2022. India mwaka 2016 iliruhusu hadi asilimia 20 ya kozi za programu katika muhula zisomwe kwenye SWAYAM, jukwaa la taifa la kozi za mtandaoni, kisha mwaka 2021 ikapandisha hadi asilimia 40. Sharti la mwaka 1992 kule Marekani na ruhusa hii ya India yote mawili ni kanuni za taifa, tena zote zimeandikwa kwa asilimia. Moja ilizuia, nyingine iliwalazimisha wahadhiri wengi kufikiria kwa mara ya kwanza kozi ya mtandaoni ina thamani gani.

Kuna jambo jingine ambalo mwanafunzi wako hataliona hadi atakapotaka kuhamia nchi nyingine. Mkataba wa Kimataifa wa UNESCO kuhusu utambuzi wa sifa za elimu ya juu, uliopitishwa Novemba 2019 na kuanza kutumika Machi 5, 2023, unataka sifa zilizopatikana kwa njia zisizo za kawaida, mtandaoni ikiwemo, zitathminiwe kwa haki kama nyingine. Lakini ulinzi huo unamfikia mwenye sifa inayotambulika katika mfumo wa nchi ilikotolewa. Cheti mlichojitolea wenyewe nje ya mfumo hakina pa kushika. Kwa sababu hiyo sipendekezi mjitoe, na nalisema kwa uzito wote. Gharama ya uamuzi huo hamtailipa nyinyi, atailipa mwanafunzi.

Nirudi kwenye andiko lenu. Kuanza mwezi wowote ni jambo dogo kuliko linavyoonekana. Sijawahi kuona maelezo ya ngazi yanayotaja kalenda, kwa hiyo kizuizi chenu hapo ni taratibu za chuo za usajili na mitihani. Kasi ya mwanafunzi inataka mwandike muda wa chini na wa juu wa kumaliza, pamoja na jedwali la kila moduli linaloonyesha saa za kujifunza zimegawanywaje: kusoma ngapi, mazoezi ngapi, kazi ya kikundi ngapi, tathmini ngapi. Jedwali hilo ndilo jibu kwa anayeuliza "saa za kufundisha ziko wapi".

Vyeti vinavyohesabika kwenye shahada ndivyo vinavyohitaji uangalifu, na hapa kamati inaweza kuwa na hoja. Moduli za ngazi ya chini hazigeuki shahada kwa kuwa nyingi. England, kwa mfano, shahada ya kwanza ya heshima ni krediti 360, na angalau 90 lazima ziwe za ngazi ya mwisho. Onyesheni kila cheti kiko ngazi gani, kinabeba krediti ngapi kwenda juu, na kwa muda gani kabla maarifa yake hayajachakaa. Ongezeni pia kazi kubwa ya mwisho inayomdai mwanafunzi aunganishe alichokusanya, la sivyo mtampa mtu mfuko wa vipande na kuuita shahada.

Nguvu yenu kubwa iwekeni kwenye tathmini. Tangu programu za akili mnemba zinazoandika insha zilipoenea mwishoni mwa 2022, kazi iliyoandikwa nyumbani pekee haithibitishi tena aliyeiandika. Chuo kinachohesabu mahudhurio kinaweza kujificha nyuma ya mahudhurio. Nyinyi hamna pa kujificha, na mimi nalihesabu hilo kuwa faida yenu. Wekeni mahojiano ya moja kwa moja kwa video kwenye moduli muhimu, kazi zinazoonyesha hatua za utengenezaji wake, mitihani michache inayosimamiwa, na mtahini wa nje atakayeona sampuli za kila daraja la ufaulu. Kamati iliyokwisha kuona ushahidi wa namna hiyo hupata shida kubwa kuendelea kuulizia viti.

Andiko likirudi mara ya tatu, ombeni liambatane na namba ya kifungu cha kiwango cha taifa kilichokiukwa. Kifungu kikiwepo, kipelekeni kwa mamlaka inayosimamia mfumo mkaombe ruhusa ya majaribio kwa kundi moja la wanafunzi, na mahali pa kutolea taarifa ya matokeo. Kisipokuwepo, basi mnachobishania ni kanuni za chuo chenu, na seneti iliyozitunga ina uwezo wa kuzibadilisha katika kikao chake kijacho.